Mkamwana wa Siku Moja

Kwa msomaji ambaye hakunifuata tangu mwanzo, habari zangu ni fupi. Nililelewa Tukuyu mjini, katika nyumba ya mzee Zuber, muuza mitumba, na mkewe Mwanahalima. Nilijua kwamba hao ndio wazazi wangu, kama kila mtu anavyojua jina lake.

Mzee Zuber alifariki. Siku ya hitima yake, watu wakiwa bado wana wali mkononi, mdogo wake aitwaye Muddy alisimama akatangaza kwamba mimi si damu ya marehemu, niliokotwa tu, na nyumba hiyo sasa ni ya wenye damu. Akanipa muda wa kufungasha.

Mama Mwanahalima hakukanusha. Alikuwa ndani ya eda, hawezi kutoka hata kunisindikiza. Alinishika mkono akaniambia kwamba aliyenizaa ni mwanamke wa kijiji cha Lupepo aitwaye Tupokigwe, Mama Ambwene kwa majirani zake, ambaye alijificha katika chumba chetu cha uani hadi akajifungua. Mumewe alikuwa mbali, Mlimba, kwenye ujenzi wa reli ya Zambia. Aliporudi aliikuta nyumba yake vilevile alivyoiacha, na mpaka leo hajui lolote.

"Nenda umwone," alisema. "Lakini Rahima, mwanangu, usimwite mama mbele ya watu. Utakuwa umemuua."

Hapo ndipo tulipoachana juma lililopita. Sasa nisikilizeni.

Nilifika Lupepo asubuhi, mvua ikiwa imekatika punde. Nilikuwa nimejitanda ushungi wangu mweusi wa msiba, na kapu mkononi. Kichwani nilikuwa na sentensi moja tu, ambayo nilikuwa nimeikariri njia nzima: "Sitaki kitu, nataka unijue tu."

Kwenye kinjia cha migombani nilikutana na mama mmoja mnene, amebeba mkungu wa ndizi kichwani, anaongea peke yake kwa raha zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Wewe si wa huku."

"Natoka Tukuyu. Naulizia kwa Mama Ambwene."

"Kwa Mama Ambwene!" Alisimama, mkungu ukayumba. Alinitazama kuanzia viatu hadi ushungi. "Mimi ndiye Esnath, jirani yao. Unamtaka Mama Ambwene, au unamtaka Ambwene?"

Kabla sijajibu, mwanamume mzee alitokea mbele yetu, panga mkononi na mzigo wa majani ya ng'ombe begani.

"Huyo ndiye mwenye nyumba," Esnath akasema. "Mzee Jotham mwenyewe."

Huyo ndiye mume. Huyo ndiye asiyejua. Niliwaza kwamba kama sura yangu inafanana na ya mkewe, atanisoma kabla sijafungua mdomo. Basi sikufikiri tena. Niliuvuta ushungi nikafunika uso, nikaiacha njia, nikaingia migombani nikampa mgongo, nimejikunyata kama mtu aliyenyeshewa.

Nikasubiri aulize, "Huyu anamkimbia nani?"

Hakuuliza. Nilisikia nyayo zake zikisimama. Kisha nikasikia naye anaiacha njia, upande wa pili, anajikohoza kwa adabu kubwa. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyepewa zawadi.

"Esnath!" aliita kwa sauti ya mbali, kama anayezungumza na miti. "Kyala, Mungu wetu, ni mwema! Kumbe kijana amekwisha leta mke!"

Wasomaji wa Rungwe mmekwisha nielewa. Wengine niwaeleze. Kwa Wanyakyusa, mkamwana, yaani mke wa mtoto wako, hamtazami baba mkwe wake. Akimwona njiani huacha njia, hujifunika, hugeuka. Hali naye chakula, hakai naye chumba kimoja, na jina lake halitamki. Baba mkwe naye hujitenga vivyo hivyo. Huko ndiko kuheshimiana. Mimi, mtoto wa mjini niliyelelewa kwa madrasa, nilikuwa nimeyafanya yote hayo kwa sababu ya woga, wala hakuna bibi harusi wa Lupepo ambaye angeyafanya vizuri zaidi.

Esnath alitupa mkungu wake chini. Sitii chumvi, aliutupa. Vigelegele alivyopiga viliwatoa watu majumbani.

"Mama Ambwene! Toka nje uone! Mwanao katuletea mwali, tena mwenye adabu, amemkimbia mzee mpaka kaloa!" Akanigeukia. "Mwenyewe yuko wapi? Amebaki nyuma na mizigo, siyo? Vijana wa Mbeya hao, anakutanguliza mke wa watu peke yako! Na huo ushungi! Kumbe ni Mwislamu. Mzee Jotham, yule nguruwe wako umuuze mapema!"

Watu wakaangua kicheko. Nilifumbua mdomo niseme kwamba mmekosea. Esnath akaniziba kwa kiganja chake.

"Nyamaza, mama. Mwali haongei."

Ndipo akatoka.

Nilikuwa nimemfikiria mwanamke mrefu. Alikuwa mfupi, mikono yake imekomaa kwa jembe, amejifunga kanga kifuani na unga wa mahindi umemganda hadi viwikoni. Alisimama mlangoni. Alinitazama. Watu wote walikuwa wanapiga makofi, na mimi sikusikia hata kofi moja.

Akaja, akanikumbatia.

Alinikumbatia mbele ya watu wote, akanibana kifuani, akasema kwa sauti kila mtu asikie, "Karibu nyumbani, mwanangu. Karibu sana, mwanangu."

Ndugu zangu, mwanadamu anaweza kupewa kile alichokililia, akapewa kwa jina la mtu mwingine. Niliweka kichwa changu begani mwake nikalia. Wanawake wakasema, "Mwacheni, anaaga utoto." Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nauanza.

Ningeweza kusema ukweli wakati ule. Sikusema. Nilijiambia, ngoja nionje kidogo.

Wakaniketisha jikoni juu ya mkeka mpya. Wakanipa maziwa ya mgando na ndizi za kupika, zimeungwa kwa karanga. Msichana mmoja akanivua viatu akaniosha miguu. Mzee Jotham hakuonekana, lakini sauti yake ilikuja kutoka nyuma ya ukuta wa jiko, akimtumia Esnath kama daraja.

"Esnath, mwambie mgeni wetu kwamba nyumba hii haina binti. Mungu alitunyima. Leo ametupa."

"Baba yako anasema ametunukiwa binti," Esnath akanieleza, kana kwamba mimi ni kiziwi.

"Mwambie yule ndama mwenye baka jeupe ni wake. Asije akasema alifika kwetu akakaa mikono mitupu."

"Ndaga fijo, tata!" Esnath akamshukuru baba kwa niaba yangu, akanifinya. "Umesikia? Umeingia leo, una ng'ombe leo! Mimi nimeolewa hapa jirani nikiwa na meno yote, mpaka yameanza kutoka sijaona hata kwato."

Kati ya watu wote niliowahi kuwakosea bila kukusudia, mzee huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipokea. Alikuwa ananipa ndama, na mimi ndiye aibu ya nyumba yake iliyokaa imevaa ushungi upande wa pili wa ukuta.

Mchana Esnath aliwaondoa wanawake wote waende kuchuma mboga na kutafuta ndizi za karamu. "Waacheni mkwe na mkamwana wazoeane," alisema. "Nyie mnamtazama mtoto wa watu kama sinema."

Tukabaki wawili, mimi na mama yangu mzazi, na moto kati yetu.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia taratibu. Nilianza, "Mama, kuna jambo..."

"Mwanahalima hajambo?" aliuliza.

Kibuyu cha maziwa nusura kiniponyoke.

"Unanijua?"

"Nilikujua mara tu nilipotoka mlangoni. Una kichogo cha mama yangu."

"Kwa hiyo uliponikumbatia ulikuwa unajua?"

"Ulitaka nifanye nini? Watu wote walikuwa wananitazama." Alichochea moto. Hakuwa na hasira, wala huruma. Alizungumza kama mtu anayeeleza hali ya barabara. "Ungesema neno, ningekuwa nimekwisha. Kukukumbatia ndiyo ilikuwa njia ya kukuziba mdomo."

"Sitaki kitu," nikasema. Sentensi yangu ilitoka ikiwa imepinda. "Nataka unijue tu."

"Nakujua. Nimekujua siku zote. Kila siku ya gulio nilikuwa napanga ndizi zangu mbele ya duka la Zuber, unadhani kwa nini? Kulikuwa na kivuli penye miti, mimi nikakaa juani."

"Sikumbuki kukuona."

"Utamkumbuka vipi muuza ndizi? Ulikuwa unakuja na kikapu, umevaa sare ya shule, unabonyeza ndizi zangu moja moja. Siku moja ukamwambia mwenzio, 'Twende, huyu mama ndizi zake zimeoza na ananitumbulia macho.'"

Nilitaka kuomba radhi, lakini nani angeniomba mimi?

"Ungeniita," nilisema hatimaye. "Hata mara moja. Ungesema njoo hapa, binti."

"Nikuite nani?"

"Uniite jina langu. Lile ulilonipa wewe, kabla ya Rahima."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Sikukupa jina. Kitu ambacho unajua unakipeleka, unakipa jina la nini? Mwanahalima alikuchukua kabla sijakuona vizuri. Nilimwomba iwe hivyo. Niligeukia ukuta."

Ninaandika maneno haya kama alivyoyasema, bila kuongeza. Watu huniuliza kama alikuwa mwanamke mbaya. Sidhani. Nadhani alikuwa ameubeba mzigo mmoja kwa miaka mingi hata mikono yake ikachukua umbo la mzigo huo, na sasa hakuna kingine ambacho ingeweza kukishika.

"Muddy amenifukuza," nikamwambia. "Sina pa kwenda. Nikae hata kama mtumishi wako. Sitasema kitu maisha yangu yote."

Hapo kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea. Akasogea, akanishika shavu kwa kiganja chenye unga.

"Laiti ungekuwa kweli mke wa Ambwene," alisema polepole. "Mkamwana ningempenda mbele ya watu. Ningemtuma maji, ningemgombeza, ningemsifia kanisani. Wewe ukiwa mkamwana nina pa kukuweka. Ukiwa mwanangu, sina."

Kisha akaondoa mkono, akajipangusa kwenye kanga.

"Jua likishuka utasema unarudi mjini kuchukua mizigo yako. Hutarudi. Nitawaambia mwali alikuwa mtoto wa mjini, maisha ya shamba yamemshinda, amekimbia. Ambwene akija atakana, tutasema alikuwa mwendawazimu aliyepotea njia. Watacheka mwaka mzima, kisha watasahau."

"Na wewe utacheka nao?"

"Nitacheka zaidi yao."

Nilisimama kuchukua kapu langu. Nakiri kwamba nilikuwa tayari kuondoka. Nilikuwa nimekumbatiwa mara moja, nikaitwa mwanangu mara mbili. Wapo waliokufa bila hata hicho.

Lakini Mungu hakutupa hata huo muda wa jua kushuka.

Nje kulisikika pikipiki, kisha sauti ya kijana, kisha vigelegele vya Esnath vilivyoanza kwa nguvu vikakatika katikati, kama redio iliyoishiwa betri.

"Ambwene," Esnath alisema, "huyu uliyempakia ni nani?"

"Shangazi, mbona swali hilo? Huyu ndiye Felista. Ndiye niliyewaambia namleta. Mbona watu wengi hivi, mmejuaje tunafika leo?"

"Felista ni huyu?"

"Sasa awe nani?"

"Na yule aliyeko jikoni, aliyekula ndizi na maziwa yetu tangu asubuhi, ni nani? Umeoa wawili, baba? Mmoja wa kanisani na mmoja wa msikitini?"

Safari hii hakuna aliyecheka.

Nikatoka nje. Ilinibidi, maana jiko lilikuwa na mlango mmoja. Ua mzima ulikuwa umejaa. Ambwene, kaka yangu, alikuwa kijana mrefu mwenye koti la ngozi la mtumba, labda lililopita mikononi mwa mzee Zuber. Felista alikuwa amevaa gauni jeupe lililorukiwa na matope.

"Simjui huyu," Ambwene akasema. "Wallahi... haki ya Mungu, mama, simjui."

"Humjui?" Felista alishuka kwenye pikipiki. "Mwanamke anaingia kwenu, anaoshwa miguu, halafu humjui? Nirudishe kwetu Mwanjelwa sasa hivi."

"Felista, nisikilize..."

"We dada!" Akanifuata mimi. "Sema mbele yake. Amekutia mimba? Ndiyo maana umejifunika mablanketi?"

"Mimi si mke wa mtu," nilisema. "Nilifananishwa. Watu walikosea."

"Watu walikosea," Esnath akarudia, na wema wote ulikuwa umemtoka. "Nilikuuliza, unamtaka Mama Ambwene au Ambwene? Hukujibu. Ulijifunika ukajitia mkamwana, ukameza vyakula, ukapewa na ng'ombe. Sasa tuambie, ulikuja kufanya nini hapa?"

Kila uso ulinigeukia. Kisha, kwa kuwa sikujibu, kila uso ukamgeukia mama yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jiko nyuma yangu. Yeye ndiye aliyekaa nami mchana kutwa. Yeye ndiye angejua.

Niligeuka nikamtazama. Sikumwomba aseme ukweli. Nilimwomba kwa macho aseme lolote, kwamba mimi ni mgeni, ni muuza vitambaa, ni mwendawazimu kama alivyopanga.

"Mwizi," alisema.

Sauti yake ilikuwa ndogo. Akaona haijatosha, akaipandisha.

"Ni mwizi, jamani! Nimemkuta anapekua chumbani!"

Msomaji, unajua jinsi neno hilo lilivyo. Halihitaji ushahidi. Kapu langu lilinyakuliwa likamwagwa. Mtu alinivuta ushungi kutoka nyuma, shingo ikaninyongeka, nikaanguka kwa magoti. Msichana yuleyule aliyeniosha miguu alinitemea mate. Nikaona kijana mmoja anachomoa mti wa uzio, na mwingine anatafuta jiwe.

"Mwacheni!"

Ilikuwa ile sauti ya nyuma ya ukuta. Watu wakasita.

Mzee Jotham alitokea upande wa zizi. Sasa nilikuwa si mkamwana wake, kwa hiyo hapakuwa na mwiko tena wa kumzuia kuja mbele yangu. Alitembea taratibu hadi nilipopiga magoti, akamnyang'anya yule kijana mti wake, akautupa.

"Uani kwangu hauawi mtu," alisema. "Binti, simama. Inua uso."

Niliinua. Ushungi ulikuwa umekwisha nitoka, na uso wangu ulikuwa wazi, umelowa. Alinitazama kwa muda mrefu sana. Nikaona kitu kinapita machoni pake, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka kitu fulani.

"Mtu hawezi kujua mila zetu hivi akawa mwizi tu," alisema. "Nitakuuliza jambo moja, nawe ujibu kweli, maana hawa wakikuchukua sitaweza kuwazuia mara ya pili. Hapa Lupepo, una ndugu yeyote wa kukusimamia? Awe mmoja tu. Akitoka hapa mbele akasema 'huyu ni wangu', utaondoka salama."

Nilifikiri juu ya maneno ya Mwanahalima, kwamba nitakuwa nimemuua. Nikatazama yale mawe mikononi mwa vijana. Nikafikiri pia juu ya ukuta ambao mama yangu aliugeukia siku niliyozaliwa, nikaona kwamba mtu mzima hawezi kuzaliwa mara mbili na kugeuziwa mgongo mara zote mbili, akanyamaza.

"Ninaye," nikasema.

Minong'ono ikaenea uani.

"Ni nani?" mzee Jotham akauliza.

Nikafungua kinywa. Nilikuwa namtazama yeye, lakini nyuma ya bega lake niliona mlango wa jiko. Mama yangu alikuwa ametoka pale mlangoni. Watu wote walikuwa wananitazama mimi, hakuna aliyemwona. Alikuja hatua mbili, akashuka taratibu kwenye matope, akapiga magoti, viganja vyake vimekutana, kichwa kimeinama kuelekea kwangu.

"Sema, binti," mzee akanihimiza. "Ni nani?"

Felista ndiye aliyeona.

"Jamani," alisema, "mbona mama yuko chini?"

Mzee Jotham akageuka. Alimtazama mkewe pale matopeni. Kisha akageuka akanitazama mimi, uso wangu uliokuwa wazi. Kisha akamrudia tena mkewe, na safari hii hakuondoa macho.

"Tupokigwe," alisema, kwa upole uliowafanya watu warudi nyuma, "tangu lini mwizi akapigiwa magoti?"